Kambi yenye siku ya kurudi
Kwa wasichana wengi wa Masisi na Walikale, kambi leo ni kibanda cha turubai cha wakimbizi wa ndani. Zamani neno hilo lilikuwa pia na furaha. Mwaka 1909, wasichana walijitokeza London kwenye mkutano wa maskauti, wakitaka nao wakubaliwe; mwaka 1910 chama chao, Guides, kikaanzishwa. Huku Kivu, Padri Georges Defour alianzisha Xaveri mjini Bukavu mwaka 1952. Katika kambi za namna hiyo wasichana wanagawana kazi: kuchota maji, kutafuta kuni, kupika. Usiku wanaimba na kuigiza kando ya moto. Siku ya mwisho wanakunja mahema, wanarudi kwa wazazi. Siku hiyo ndiyo familia zilizohama zinaingojea.