Anbiki na Pipa: Asili ya Jina la Lambic

Mwezi wa Novemba nilikaribishwa katika shamba moja la Pajottenland, nchi ya vilima na malisho iliyo upande wa magharibi wa Brussels, ambako jamaa mmoja hupika bia chachu ya kikale katika banda lile lile walimokenekea wazee wao pombe kali ya nafaka. Na kabla sijapewa kionjo cha kwanza, nilisomewa maneno yaliyoandikwa ukutani, kwamba bia hii imepikwa tangu mwaka 1559, na kwamba ndiyo ile ile waliyokuwa wakiinywa wakulima wa katika michoro ya Pieter Bruegel. Maneno haya nimeyakuta katika vitabu vingi, na kwa kukaririwa sana yamekuwa mfano wa jambo lisilodai ithibati. Lakini hatua chache kutoka ukutani ilisimama mtambo wa kukenekea, ule ambao Waarabu waliuita al-anbiq, shaba yake imeingia weusi kwa moto wa miaka mingi na shingo yake imeinama kama ya korongo anywaye maji. Nikaona, na hata leo naona, kwamba anayetaka tarikhi ya kinywaji hiki aanzie kwenye shaba hiyo, naye Bruegel aachiwe wachoraji.

Namna bia hii inavyopikwa msomaji ataisoma kwingine, nami nitaipitia mbio. Ngano isiyooteshwa, isiyopungua asilimia 30 ya nafaka yote, huchanganywa na kimea cha shayiri, ikalowekwa katika maji ya moto. Maji yake huchemshwa saa nyingi pamoja na hopsi kuukuu, zilizowekwa miaka hata uchungu wake ukafifia, nazo hutiwa ili kuzuia uharibifu. Kisha, katika miezi ya baridi, hayo maji hufunguliwa yakaingia katika chombo kipana chenye kina kifupi, kilichowekwa juu chini ya paa, yakaachwa wazi usiku kucha yapoe. Chombo hicho wenyeji hukiita koelschip, yaani meli ya kupozea, na Mswahili hastaajabu kusikia hivyo, maana katika lugha yetu neno chombo limebeba maana ya sufuria na ya jahazi tangu zamani. Hamira hapana mtu anayeitia: huletwa na hewa ya usiku, na mbao za paa, na mapipa yenyewe. Kinachofuata ni pipa, aghalabu la mwaloni, kwa mwaka mmoja, au miwili, au mitatu. Ikinywewa hivyo hivyo pasipo povu ni lambic. Changa na kongwe zikichanganywa na kufungiwa chupani zikaumuka tena ni gueuze. Ikilowekwa cheri ni kriek. Ikitiwa sukari ni faro. Bia nyekundu za Flandria ya Magharibi, zikaazo katika mapipa makubwa ya Roeselare, ni ukoo mwingine, nami naziacha.

Turudi kwenye mwaka 1559. Ipo hati ya mji wa Halle ya mwaka huo inayowaamuru wapishi wa bia kwamba katika kila vipimo 16 vya nafaka, 6 viwe vya ngano na 10 viwe vya shayiri na oti. Na kwa kuwa uwiano huo unakaribia uwiano wa lambic ya leo, watu wameitwaa hati hiyo kuwa cheti cha kuzaliwa kwake. Lakini hati haitaji lambic, haitaji kupozwa kwa hewa ya usiku, haitaji pipa wala miaka; inataja nafaka, kama zinavyofanya hati za watoza ushuru mahali pote, na bia yenye ngano ilipikwa katika miji mingi ya Brabant ambayo hakuna hata mmoja unaodai leo kuwa mzazi wa lambic. Ama Bruegel, aliyefariki mwaka 1569, katika mchoro wake wa karamu ya arusi ya wakulima, uliopo Vienna, amemchora kweli mtu ambaye upande wa kushoto anamimina kutoka mtungi mkubwa kutia katika mitungi midogo. Lakini rangi ya mafuta haina ladha wala harufu, na mtungi haumwambii mtu yaliyomo yameumuka kwa hamira ya mkono au kwa hewa. Hoja hii sina subira nayo, kwa sababu imewatosheleza watu hata wakaacha kutafuta.

Jina lenyewe latokea katika maandishi mwaka 1794, nalo limeandikwa allambique. Mwaka 1811 tangazo la biashara laliandika lambicq, a ya mwanzo imekwisha kuanguka, na mwaka 1829 alikuwapo bado aliyeandika alambic. Wapo wanahistoria wa kienyeji wasemao kwamba jina limetoka katika mji wa Lembeek, ulio karibu na Halle. Na hawa nimewasikiliza kwa heshima na kwa muda mrefu, kwa kuwa Lembeek ulikuwa kweli mji wa wapishi wa bia, na kwa kuwa mapenzi ya mtu kwa mji wake ni jambo jema ambalo mwandishi wa tarikhi hana haki ya kulidharau. Hata hivyo herufi zinawakataa. Katika karne yote ya 19 neno hili halikupata kuandikwa kwa e, ilhali jina la mji lina e, na ni muhali kuamini kwamba waandishi wa hesabu, wauzaji na watoza ushuru, kila mmoja kwa mkono wake, wote wamekosea kwa namna moja kwa miaka mia.

Neno alambic katika Kifaransa ni jina la mtambo wa kukenekea, nalo limetokana na Kiarabu al-anbiq, kilichotokana na Kiyunani ambix, yaani kikombe. Waarabu walilipokea kwa Wayunani pamoja na elimu yake, wakaliongezea al- yao, wakalipeleka Andalusi, na kutoka huko likaenea Ulaya yote pamoja na chombo chenyewe. Kuanguka kwa a ya mwanzo hakunishangazi. Sisi wenyewe tulilipokea neno kitab kwa Waarabu, tukaisikia ki- yake kuwa kiambishi chetu, tukasema vitabu, jambo ambalo Mwarabu hakulikusudia. Na alfajiri yetu huwa fajiri pindi msemaji apendapo. Kila umma hulikata neno la ugeni pale ulimi wake unapoona kiungo, na msemaji wa Kifaransa asikiaye l'alambic ni rahisi akaona kiungo baada ya a, akasema le lambic, na jina likawa limezaliwa.

Mpinzani atauliza: bia haikenekwi, basi itaitwaje kwa jina la mtambo wa kukenekea? Swali hili ni la haki, na ndilo lililonipeleka kwenye kitabu ambacho wengi hukitaja na wachache hukisoma, yaani kile cha mhandisi Lacambre kilichotoka mwaka 1851. Wapenzi wa bia hukifungua mahali palipoandikwa lambic na faro, wakanakili, wakakifunga. Anwani yake kamili hawaitazami. Anwani hiyo inasema kwamba kitabu ni cha upishi wa bia na cha ukenekaji wa nafaka, viazi, mvinyo, viazisukari na molasi. Kwa mtu huyu, aliyeiandika kazi hiyo ilipokuwa hai mbele ya macho yake, bia na pombe ya kukenekwa zilikuwa sanaa mbili zinazokaa ndani ya jalada moja, na nafaka iliyolowekwa katika maji ya moto ilikuwa mlango wa zote mbili: ukiifuata njia hii umefika kwenye pipa, ukiifuata ile umefika kwenye anbiki.

Na katika mashamba mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mkulima aliyemaliza mavuno, ng'ombe wake wamefungwa zizini kwa sababu ya baridi, alikuwa na nafaka, kuni, na vijana wasio na kazi ya kondeni. Akapika, au akakeneka, au akafanya yote mawili. Machicha walikula ng'ombe, samadi ikarudi kondeni, na mwaka uliofuata konde likatoa ngano. Miezi ya kupikia lambic ni hiyo hiyo ya baridi, takriban kutoka Oktoba mpaka Aprili, na wanazuoni wa leo wanatueleza kwamba sababu ni vijidudu vya hewani, ambavyo wakati wa joto huzidi na kuiharibu bia. Nami sipingi, lakini sioni kwa nini tusahau kwamba ndiyo miezi ambayo mkulima alikuwa na nafasi.

Kisha yakaja yale ambayo kwangu mimi ni kiini cha habari yote. Mwaka 1822, nchi ikiwa bado chini ya mfalme Willem wa Kwanza wa Uholanzi, ilitungwa sheria ya ushuru wa bia, na ushuru huo haukuhesabiwa kwa bia iliyotoka wala kwa nafaka iliyoingia, ulihesabiwa kwa ukubwa wa pipa la kulowekea nafaka. Tazama sheria inavyomfunza mtu akili. Pipa likiwa moja na ushuru mmoja, mpishi atalijaza nafaka mpaka ukingoni, maji yapate nafasi ndogo tu. Na kwa kuwa ngano isiyooteshwa ni nzito na imeshikamana kuliko kimea, atapenda kuitia kwa wingi, maana unga mwingi unaingia katika nafasi ile ile. Uji ukawa mzito hata maji hayachujiki kwa chini kama kawaida. Ndipo wakatumia vikapu virefu, wakavikandamiza ndani ya uji kwa nguvu za mikono, maji yakajichuja kuingia kikapuni, wakayateka kwa kata, meupe mfano wa maziwa, wakayachemsha kando na kuyarudisha tena na tena. Sheria haikuizua desturi hii yote, kwani baadhi yake ilikuwapo, lakini iliikaza na kuieneza, na Ubelgiji ulipojitenga mwaka 1830 uliirithi ikaendelea mpaka mwaka 1885.

Sasa, katika maji yale meupe mna wanga na sukari nzito ambazo hamira ya kawaida haiwezi kuzila. Bia nyingine ikiumuka wiki mbili imekwisha. Hii inabaki na akiba tumboni, na akiba hiyo huliwa polepole, mwaka baada ya mwaka, na chachu za aina ya Brettanomyces, ambazo mojawapo imepewa jina la Brussels yenyewe. Ndiyo kusema kwamba hila ya mpishi mbele ya mtoza ushuru iliziwekea chachu za miaka mitatu chakula chao, na pasipo chakula hicho isingekuwapo lambic kongwe, wala gueuze isingelipata povu lake. Na wakenekaji wa kienyeji nao walikuwa mabingwa wa kulowesha nafaka mbichi pamoja na kimea kidogo ili wapate uji mzito wenye nguvu. Mtu aliyeiona bia iliyopikwa kwa namna hiyo, kali kuliko bia za wengine, inayotunzwa miaka badala ya siku, angeiita kwa jina gani lililo karibu zaidi kuliko jina la mtambo uliosimama katika banda la pili?

Ya baadaye yanajulikana. Mshairi Mfaransa Baudelaire, aliyekaa Brussels tangu 1864 mpaka 1866, aliitukana faro, naye alitukana kila alichokiona katika mji ule. Katika vita vya 1914 majeshi ya Ujerumani yaliteka shaba ya wapishi. Sheria ya Vandervelde ya mwaka 1919 ilikataza pombe kali kuuzwa katika vilabu, na anbiki nyingi za mashambani zikanyamaza. Pipa likabaki mjane. Likafuata pigo la soda na bia tamu, hata mpishi wa bia Frank Boon aliponunua kiwanda kidogo huko Lembeek katika miaka ya 1970, na wenye kiwanda cha Cantillon mjini Brussels walipokifanya kuwa jumba la makumbusho mwaka 1978, watu waliwaona kama wanaohifadhi maiti. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliyapa himaya majina ya gueuze na kriek za kikale.

Tukio moja la zama hizi silipiti hivi hivi. Mwaka 2009, huko Beersel, katika ghala la kiwanda cha lambic cha 3 Fonteinen, kidhibiti joto kiliharibika, joto likapanda kupita kiasi, na makumi ya maelfu ya chupa za gueuze zikapasuka au zikaharibika ladha. Armand Debelder, mwenye mali, hakuyamwaga yaliyosalia: aliyapeleka yakakenekwe, yakatoka pombe kali iliyopewa jina lake, na kwa fedha zake na msaada wa rafiki kazi ikasimama tena. Siku ya msiba, kilichomwokoa bwana wa lambic kilikuwa ni anbiki.

Katika shamba lile la Novemba niliwekewa bilauri tatu juu ya meza ya mbao. Ya kwanza ilikuwa lambic ya mwaka mmoja, yenye ukungu, inayonuka kama unga wa ngano uliolowa. Ya pili ilikuwa ya miaka mitatu, safi, rangi yake dhahabu iliyokolea, haina povu hata tone. Ugwadu wake ulinishika chini ya masikio kama ukwaju usiotiwa sukari, kisha ukalegea, ikaja harufu ya ganda la tufaha, na ya ngozi ya tandiko, na mwisho ukavu kama wa kutafuna mti. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeupe kama maji: lambic ile ile ya miaka mitatu, iliyopitishwa katika ile shaba. Mama mwenye nyumba aliniambia nisubiri, akaifunika kwa kiganja chake kwa muda kidogo, akaondoa mkono. Ugwadu ulikuwa umebaki nyuma mtamboni wote. Harufu ya tandiko na ya tufaha zilikuwamo, zote mbili, nami nikainusa bilauri ya pili, kisha ya tatu, kisha ya pili, mpaka alipokuja kuwasha taa.