Taka za shule

Taka za shule ni mabaki yote yanayotokana na maisha ya shule ya kila siku: makombo ya bwaloni, karatasi za darasani, vifungashio vya vitafunio, majani ya uwanjani, taulo za kike zilizotumika, kompyuta zilizokufa, maji machafu ya jikoni na ya chooni. Humo iingizwe pia taka ambayo orodha nyingi huisahau kwa sababu haizolewi kwa beleshi, nayo ni joto na moshi unaopotelea hewani kutoka jikoni. Makala haya yanahusu namna shule za Afrika Mashariki, hasa za Tanzania na Kenya, zinavyojaribu kupunguza taka hizo.

Tanzania, ukisema mazingira ya shule, wengi wanafikiria usafi. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa shule za msingi vimekwenda shule na kidumu na ufagio: kidumu cha maji ya kumwagilia bustani na kudekia darasa, ufagio wa chelewa wa kufagilia uwanja. Kabla ya kengele ya mstarini kila darasa lina eneo lake, kiranja anapita akihesabu waliochelewa, mwalimu wa zamu anakuja nyuma yake kukagua. Ikifika saa mbili uwanja una mistari ya fagio kama nywele zilizochanwa. Lakini ukizunguka nyuma ya vyoo utakuta shimo linalofuka moshi, na ndani yake kila kilichofagiliwa: majani makavu, ganda la ndizi, kipande cha daftari, nailoni za barafu. Majani yangekuwa mboji na karatasi ingetumika tena, ila zimekutana na nailoni na sasa zote ni moto mmoja. Kufagia huhamisha taka; hakuipunguzi. Shule inaweza kuongoza mashindano ya usafi ya wilaya huku kiasi cha taka zake kikiongezeka mwaka hadi mwaka, na mkaguzi asione kitu kwa sababu shimo haliko kwenye fomu yake.

Chimbuko

Wazo la shule isiyotupa kitu ni la zamani kuliko miradi inayolitangaza leo. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, likitaka kila shule iwe jumuiya inayozalisha, yenye shamba na mifugo yake. Pale lilipofuatwa kwa moyo, mzunguko ulijikamilisha wenyewe: pumba na makombo kwa nguruwe au kuku, samadi kwa bustani, mchicha kwa jiko. Hakuna aliyeuita mzunguko huo uendelevu. Uliharibika kwa sababu nyepesi tu, kwamba shamba liligeuzwa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe, na mtoto aliyekua akijua kuwa jembe ni kiboko cha aina nyingine hakuwa na hamu ya kulishika tena alipomaliza shule.

Vilabu vilifuata njia nyingine. Kenya ilianzisha vilabu vyake vya wanyamapori mwaka 1968, na Tanzania ikawa na Malihai Clubs kuanzia 1980, makao yake yakiwa Arusha. Vilianza na wanyama na mbuga, kisha miti, na taka zikaja baadaye. Green Belt Movement ya Wangari Maathai, iliyoanza 1977, ilizoesha shule nyingi za Kenya kuwa na kitalu cha miche. Mwaka 1991 Jane Goodall, aliyekuwa amefika Gombe tangu 1960 kuchunguza sokwe, alikutana jijini Dar es Salaam na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari, na hapo ukaanza mpango wa Roots & Shoots ambao sasa umeenea katika nchi nyingi duniani. Kutoka Ulaya ulikuja Eco-Schools, ulioanzishwa 1994, baada ya mkutano wa mazingira wa Rio wa 1992. Shule inayoufuata huunda kamati yenye wanafunzi, hukagua hali yake, hupanga, hufuatilia, na ikifaulu hupewa Bendera ya Kijani ambayo ina muda wake na lazima ipiganiwe upya. Nchini Kenya mpango huo unasimamiwa na shirika la KOEE. Bendera yenyewe ni kitambaa. Kilicho na maana ni ule ukaguzi wa mwanzo, kwa kuwa ndio unaomlazimisha mwalimu mkuu kwenda kuchungulia shimo.

Jikoni

Taka kubwa ya shule ya bweni ya kawaida haimo kwenye pipa. Imo mafigani. Sufuria la makande ya watoto mia kadhaa likikalishwa juu ya mawe matatu, sehemu kubwa ya joto huenda pembeni na kumchoma mpishi badala ya mahindi. Kuni zikiwa mbichi hasara huongezeka, maana karibu nusu ya uzito wa mti uliokatwa jana ni maji, na moto hutumia nguvu zake za kwanza kuyakausha. Mpishi analijua hilo kwa macho. Ukimwona anafuta machozi saa kumi alfajiri akisukuma gogo linalotoa povu mwishoni, hapo shule inachoma fedha.

Jiko banifu la taasisi hurekebisha mambo matatu: hufunga moto ndani ya chumba kilichojengewa, huzamisha sufuria ndani ya jiko hadi karibu na ukingo ili moshi wa moto upite ukilambalamba ubavu wake, na hutoa moshi kwa bomba. Likijengwa vizuri huokoa nusu ya kuni au zaidi. Miaka ya 1980 taasisi ya Bellerive, ya Prince Sadruddin Aga Khan, ilisaidia sana kueneza majiko ya aina hii katika shule za Kenya. Yapo pia mambo yasiyohitaji mfadhili: banda la kukaushia kuni, kupasua magogo, kufunika sufuria, na kuloweka maharage tangu jioni. Hilo la mwisho kila mama analifanya nyumbani kwake, lakini kwenye shule nyingi halifanyiki kwa sababu stoo hufungwa jioni na mwenye funguo ameshaondoka.

Serikali ya Tanzania imekwenda mbali zaidi ya jiko banifu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, shule zikiwemo, ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa, na Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Agizo ni zuri. Ugumu wake uko kwenye hesabu za shule. Gesi hulipwa kwa mkupuo na risiti yake huonekana. Kuni, kwenye shule nyingi za vijijini, huletwa na wazazi kama mchango au na watoto wenyewe mgongoni, kwa hiyo hazina bei kwenye daftari. Kamati ya shule inayolinganisha mtungi wa laki kadhaa na mzigo wa "bure" itachagua mzigo, hadi siku atakapopatikana mtu wa kuandika kwamba mzigo ule umetoka kwenye mlima gani na mtoto aliyeuleta amekosa vipindi vingapi.

Kati ya kuni na mtungi ipo biogesi. Kinyesi cha ng'ombe, makombo na hata maji ya chooni huingizwa kwenye tangi lililofungwa lisilopitisha hewa. Vijidudu huvichachusha kwa wiki kadhaa na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Tope linalobaki ni mbolea. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikieneza mitambo hii kwa miongo kadhaa. Inapounganishwa na vyoo vya wanafunzi huleta swali ambalo wahandisi hulidharau na wapishi hawalidharau: nani atakula ugali uliopikwa kwa gesi ya choo? Kwa kemia hakuna uhusiano wowote kati ya mwali na ulikotoka. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza upo, na shule zenye busara humpeleka kwanza kuona mwali wa buluu usio na harufu kabla ya kumwekea sahani.

Mtambo huo una likizo yake pia. Shule ikifungwa Desemba, tangi hukosa chakula, na mwalimu anayerudi Januari hukuta vali imeshika kutu na gesi haipo. Shule zilizofuga ng'ombe wawili watatu hukwepa hilo.

Makombo yenyewe hutofautiana sana. Shule ya kutwa ambako wazazi wamechanga mahindi na maharage kwa debe haitupi chakula. Hata ukoko una wenyewe. Bweni ni hadithi nyingine. Siku ya wazazi kutembelea watoto, kuku wa kukaanga na chapati hupita getini kwenye hotpoti, na jioni maharage yaliyopikwa kwa idadi ileile ya kila siku hurudi nusu sufuria. Hapo dawa ni hesabu. Shirika la Food4Education la Kenya, lililoanza Ruiru mwaka 2012 na baadaye likaingia Nairobi kwa mpango wa Dishi na County, hupika kwenye majiko makuu na kumvalisha kila mtoto bangili anayoigusisha kwenye kifaa anapochukua chakula. Bangili ilibuniwa kwa ajili ya malipo, lakini faida yake ya pembeni ni kwamba mpishi anaweza kujua waliokula jana walikuwa wangapi.

Kibandani na shimoni

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha miaka minne, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Katazo la Bara liligusa mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa viliachwa, na ni hivyo hasa vinavyochafua shule, kwani mtoto wa darasa la tatu haendi sokoni na mfuko. Anakwenda kwenye kibanda cha getini na shilingi mia. Ananunua barafu ya ukwaju, ananyonya, anatoboa pembe ya nailoni kwa meno, na kile kipande cha pembe hutemwa palepale. Ubuyu nao una kinailoni chake. Ni vidogo mno kuokotwa, havina mnunuzi, na mvua ya kwanza huvipeleka mfereji wa jirani.

Karanga zimepona kwa sababu ya kudra ya karatasi. Muuzaji huzifunga kwenye kurasa za madaftari ya zamani, na mtu huweza kumaliza karanga zake akisoma hesabu za sehemu za mtoto asiyemjua, zenye alama nyekundu za makosa. Wino si wa kuliwa, na wataalamu wa afya wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, karatasi hiyo imetumika mara mbili na ikianguka itaoza.

Chupa za maji zina soko; wapo wanaozinunua kwa kilo, na klabu ya mazingira yenye gunia na mahali pa kulitundika hupata fedha ya sabuni. Waliofanya plastiki ionekane kwa watoto wa pwani kuliko somo lolote ni mafundi wa Lamu. Mwaka 2018, chini ya fundi Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, jahazi la urefu wa mita tisa hivi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, kiasi cha tani 10, na kuvikwa vipande vya kandambili elfu 30. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar likisimama njiani kwenye miji na kuonana na wanafunzi. Mtoto anayetambua kandambili yake kwenye ubavu wa jahazi hahitaji bango.

Kuchoma kwenye shimo ndiyo njia iliyozoeleka zaidi na mbaya zaidi. Moto wa shimo hauna joto la kutosha. Plastiki yenye klorini ikiungua hivyo hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na kuingia kwenye mayai ya kuku wanaochakura hapo. Taka za kuoza, ambazo ni zaidi ya nusu ya taka za miji mingi ya Afrika, hazina sababu ya kuwa shimoni kabisa. Zikipangwa kwa tabaka na majani makavu, zikalowanishwa na kugeuzwa, lundo hupata moto wake lenyewe hadi nyuzi 60 na kuua mbegu za magugu.

Taulo za kike zinahitaji njia yake. Kenya iliweka kwenye sheria mwaka 2017 kuwa serikali itawapa wasichana wa shule taulo bila malipo, hatua iliyokusudiwa kuwabakiza darasani. Ila aliyeleta boksi hakuleta pipa lenye mfuniko wala tanuri, na zikaishia kuziba vyoo. Pedi za kufua hupunguza taka hizo mahali penye maji, sabuni na kamba ya kuanikia isiyo mbele ya bweni la wavulana.

Vifaa vya umeme ni taka changa inayokua. Computers for Schools Kenya, iliyoanza 2002 kwa kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzigawa shuleni, ililazimika baadaye kuanzisha kituo cha kuzipokea tena zikifa. Tanzania ilitoa mfano mwingine: vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu badala ya kufungiwa stoo.

Kupima na kudumu

Mradi wa taka unaofanya kazi huanza na mizani. Ile ya saa, ya kutundika, anayotumia muuza samaki, yatosha. Inaning'inizwa mlangoni mwa bwalo, wanafunzi wawili wa zamu wanapima ndoo ya makombo kila mchana na kuandika kilo ukutani kwa chaki. Wiki ya kwanza hakuna anayejali. Wiki ya tatu mpishi mwenyewe anasimama kusoma, kwa sababu namba ya Jumanne inamsema.

Kinachoua miradi hii mara nyingi ni barua ya uhamisho. Mwalimu wa mazingira akihamishwa katikati ya muhula, klabu hukosa mlezi, funguo za banda hupotea na bendera hupauka juu ya mlingoti. Vinavyobaki ni vile visivyomtegemea: jiko lililojengewa kwa matofali, na mfugaji wa nguruwe wa kijiji cha pili aliyekubaliana na shule bei ya ndoo, ambaye kila jioni atafika getini na baiskeli yake, mwalimu awepo asiwepo.