Usomaji katika bonde la Kilombero

Katika bonde la Kilombero, kijiji cha Michenga kikiwemo, kusoma kulianzia misheni: Wabenediktini, kisha Wakapuchini wa Uswisi waliofika Tanganyika mwaka 1921, walifundisha herufi kwa ajili ya katekisimu. Watu wazima wengi walibaki nje ya masomo hayo hadi Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini, katika vikundi. Kila kikundi kilisikiliza redio, kikasomewa kijitabu kwa sauti, kikajadili malaria au kichocho, kisha kikachimba vyoo. Asiyejua kusoma naye alishiriki, na hapo ndipo ulipokuwa ukubwa wa kampeni hiyo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa utaratibu uleule.