Nafuu ya kodi ilipita Kyuso bila kusimama

Wasee, tukumbushane. Machi 25, 2020, Korona imeingia, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza: ukilipwa hadi 24,000 kwa mwezi, hukatwi PAYE. VAT nayo ikashuka kutoka 16% hadi 14%. Poa. Lakini hapa Kyuso ni wangapi wana mshahara wa mwisho wa mwezi? Watu wanauza ndengu na mbuzi. Unga wa mahindi nao ulikuwa hautozwi VAT, sasa ungeshuka wapi?

Mkoloni alipoleta kodi ya nyumba 1901 hakuuliza una mshahara. Alihesabu nyumba. Kuchukua, kila boma linajulikana. Kusaidia, wanataka karatasi. Mimi naona zile bilioni 10 za wazee na mayatima ndizo zingeongezwa. Januari 1, 2021, VAT ikarudi 16%.