Nyumba Njema si Mlango: Kisa cha Poitiers na Uandishi wa Uhalifu wa Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Makala haya yanaitumia methali hii kuchunguza utanzu ambao haujapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki wetu, yaani usimulizi wa uhalifu wa kweli, hasa uhalifu wa jamaa kumfungia na kumtesa mwenzao nyumbani. Mfano tutakaoutumia ni kisa cha Blanche Monnier wa mji wa Poitiers, Ufaransa, kilichofichuka mwaka 1901, pamoja na kitabu ambacho mwandishi André Gide alikichapisha kukihusu mwaka 1930. Hoja yetu ni kwamba mlango wa nyumba ile ulifungwa kwa kufuli na pia kwa ukimya wa watu waliojua. Mwandishi wa visa vya aina hii hupimwa kwa jinsi anavyousimulia ukimya huo.

Tukio lenyewe

Blanche Monnier alizaliwa mwaka 1849 katika familia yenye hadhi. Baba yake aliwahi kuwa mkuu wa kitivo katika chuo kikuu cha Poitiers. Kaka yake, Marcel, alikuwa mwanasheria aliyewahi kushika wadhifa wa serikali wilayani. Mama yao aliheshimika mjini na aliiendesha nyumba kwa mkono wa chuma, hasa baada ya mumewe kufariki.

Mnamo Mei 1901, barua isiyo na jina la mwandishi ilimfikia kiongozi wa mashtaka. Barua hiyo ilidai kwamba kulikuwa na mwanamke aliyefungiwa katika nyumba ya Bi Monnier, akiishi kwa njaa na uchafu. Tarehe 23 Mei polisi waliingia. Katika chumba cha ghorofani chenye madirisha yaliyokomewa walimkuta Blanche, akiwa na umri wa miaka 52, amelala uchi juu ya godoro lililooza, amezungukwa na mabaki ya chakula na wadudu. Alikuwa na uzito wa takriban kilo 25. Alikuwa ameishi ndani kwa karibu miaka 25.

Mama alikamatwa, na hakupata kuhukumiwa kwa kuwa alifariki tarehe 8 Juni mwaka huohuo. Aliyebaki kizimbani ni Marcel. Mnamo Oktoba 1901 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Mwezi uliofuata, mahakama ya rufani ilimwachilia huru. Blanche mwenyewe alipelekwa hospitalini, na alifariki mwaka 1913 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Blois bila kurejea katika maisha ya kawaida.

Sheria na ukimya

Ni kwa nini mahakama ya rufani ilimwachilia Marcel? Jibu la swali hili ndilo kiini cha kisa. Sheria ya Ufaransa ya wakati huo iliadhibu ukatili wa vitendo. Ilimtaka mshtaki aonyeshe ni nani aliyepiga, aliyejeruhi au aliyefunga. Marcel aliishi jirani na mama yake, alikuwa akifika katika chumba kile, na hata kumsomea dada yake gazeti. Alijitetea kuwa macho yake yalikuwa dhaifu na pua yake haikunusa vyema, na kwamba mwenye amri ya nyumba alikuwa mama. Hakupiga. Hakufunga mlango. Aliona, akanyamaza. Mbele ya sheria ile, kunyamaza hakukuwa kosa. Wajibu wa kumwokoa mtu aliye hatarini uliingizwa katika sheria za jinai za Ufaransa baadaye sana, mwaka 1941, kisha ukathibitishwa upya mwaka 1945.

Isitoshe, Marcel hakuwa peke yake. Siri ya mtungi muulize kata. Kwa miaka hiyo yote watumishi waliingia na kutoka. Walipika, walipandisha chakula, walisikia makelele. Inabainika kutokana na kesi hiyo kwamba watu wengi walijua kuna mtu mle ndani, ila waliambiwa ni mgonjwa wa akili na kwamba hayo ni mambo ya familia. Neno “mgonjwa” lilikuwa pazia, na heshima ya ukoo ikalishikilia pazia hilo lisianguke.

Magazeti na Gide

Magazeti ya 1901 yalikivamia kisa hiki kwa pupa. Hadithi iliyoenea zaidi, na ambayo ingali inasimuliwa, ni kwamba Blanche alifungiwa kwa sababu alimpenda wakili ambaye mama yake hakumtaka. Hadithi hii huvutia kwa kuwa ina umbo la hekaya: binti, mpenzi na mama katili. Hata hivyo, suala lililozingatiwa mahakamani lilikuwa hali ya akili ya Blanche na wajibu wa waliokuwa karibu naye. Hekaya ya mapenzi inampa msomaji mkosaji mmoja, naye akiisha kumlaani mama, huwasahau kaka, watumishi na majirani.

Gide alichukua njia tofauti. Mnamo 1912 aliwahi kuwa mmoja wa raia wanaoketi mahakamani mjini Rouen kuamua kesi za jinai, na mwaka 1914 akachapisha kumbukumbu zake kuhusu kazi hiyo. Katika La Séquestrée de Poitiers, yaani mwanamke aliyefungiwa wa Poitiers, hakutunga riwaya. Alipanga nyaraka: ripoti, ushahidi na maamuzi ya mahakama, huku akibadilisha majina ya wahusika. Kitabu hicho kilitoka katika mfululizo wenye jina linalomaanisha “Msihukumu”. Mbinu hii humlazimu msomaji awasikilize mashahidi mmoja baada ya mwingine, na kugundua mwenyewe jinsi kila mmoja alivyosukuma lawama kwa mwenzake.

Aidha, nyaraka hizo zinahifadhi maneno machache ya Blanche yaliyosikiwa na waliomuuguza. Alikizungumzia chumba kile kwa mapenzi, kana kwamba ni pango lake alilolitamani. Jambo hili linatatiza. Msomaji aliyetarajia mateka mwenye shukrani anakutana na mtu ambaye gereza lilikuwa limekwisha kuwa makao yake. Gide hakulificha jambo hilo ili kisa kipendeze, na hapa ndipo tunapompongeza.

Hata hivyo, mbinu hii ina upungufu. Nyaraka huandikwa na wenye mamlaka. Polisi, madaktari na mahakimu wanasema mengi ilhali aliyeteswa anasema machache. Miaka 25 yenyewe, ilivyoishiwa ndani ya chumba, haimo katika faili yoyote.

Funzo kwa fasihi yetu

Pengo hilo ndilo ambalo riwaya huweza kuliziba. Walimu wengi wa Kenya wameifundisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980. Maimuna anawekwa utawani na baba yake, Maksuudi, mtu mwenye mali na jina. Hali yake si sawa na ya Blanche, na si haki kuziita kitu kimoja. Lakini utaratibu unafanana: nje heshima, ndani dhuluma. Tofauti muhimu ni mtumishi. Mjini Poitiers watumishi walinyamaza hadi barua ile ilipoandikwa. Katika Utengano, Biti Kocho ndiye anayemfungulia Maimuna njia ya kutoka. Tena mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kuingia katika nafsi ya aliyefungiwa, ruhusa ambayo Gide hakujipa.

Watahiniwa wetu wanapojadili dhuluma katika familia, wengi humtaja mdhulumu na mdhulumiwa kisha wakatua. Kisa cha Poitiers kinatufunza kuuliza swali la tatu: ni nani aliyejua, na alifanya nini? Jibu la swali hilo hutoa hoja nzito kuhusu maudhui, wahusika wadogo na msimamo wa mwandishi. Swali hili lina uzito nje ya mtihani pia. Mwanafunzi aketiye mbele yetu huenda anaijua nyumba ya aina hiyo, au anatoka humo. Akijifunza darasani kwamba anayejua ana wajibu wa kusema, na kwamba mwalimu yuko tayari kumsikiliza, somo la fasihi litakuwa limefanya kazi yake.

Maswali ya mjadala

1. “Anayenyamaza ni mshiriki wa dhuluma.” Jadili kauli hii ukirejelea wahusika wadogo katika riwaya uliyoisoma.
2. Linganisha uwezo wa nyaraka na uwezo wa riwaya katika kusimulia maisha ya mtu aliyefungiwa.