Kiti cha Msaji: Kipindue Kwanza

Kule Kulamawe, Isiolo, mzee mmoja alinionyesha kiti cha msaji cha Denmark alichoachiwa na tajiri wake wa zamani. Mnunuzi alishampa bei ya mbuzi mmoja. "Mzee, subiri," nikamwambia, nikakipindua. Chini palikuwa na kibati cha duara: France & Søn. Hilo ni jina la kiwanda, si la mbunifu; kabla ya 1957 kiliitwa France & Daverkosen. Waliokibunia samani ni wengi, wakiwemo Finn Juhl, Ole Wanscher na Grete Jalk. Kwa hiyo tazama umbo. Juhl alipenda kutenganisha kikalio na fremu, kiti kikaonekana kama kinaelea. Ukikuta namba ya modeli, ilinganishe na katalogi za zamani. Na fundi asikipige msasa, alama hufutika! Mzee bado hajauza.