Mateka na Neno la Heshima: Filamu Nne za Vita

Neno mateka limetokana na kitenzi teka. Maji hutekwa kisimani, mali ya mji ulioshindwa hutekwa, na mtu aliyeangukia mikononi mwa adui naye hutekwa. Mfungwa ni mwingine: huyo amehukumiwa kwa kosa, na kifungo chake kina mwisho unaojulikana. Mateka hana kosa wala muda uliotajwa. Yeye ni kitu kilichochukuliwa. Tofauti hii ni mwongozo mzuri kwa mtu anayetaka kupima jinsi filamu za vita zilivyowasawiri watu hawa, kwani si kila filamu inayokubali kumwonyesha mateka kama kitu kilichochukuliwa.

Makala haya yanachunguza filamu nne kwa swali moja: ni mateka yupi ambaye filamu humwona, na ni yupi ambaye humpita?

Yafaa kuanza na sheria. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimpa mshindi ruhusa ya kuwafanyisha kazi askari wa kawaida waliotekwa, mradi kazi hizo zisihusiane moja kwa moja na vita. Maofisa hawakulazimishwa kufanya kazi. Kwa hiyo palikuwa na hali mbili za kutekwa: ya ofisa, iliyojaa siku ndefu zisizo na shughuli, na ya askari wa kawaida, iliyojaa jembe, koleo na njaa. Si ajabu kwamba hadithi za kutoroka zilizopendwa sana na watazamaji ni hadithi za maofisa. Mtu mwenye nafasi ndiye awezaye kukaa akipanga njama.

Filamu ya Jean Renoir, La Grande Illusion, ilitoka 1937. Renoir mwenyewe alikuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, na masimulizi yake yanahusu Wafaransa waliotekwa na Wajerumani. Kiini chake ni utabaka. Boeldieu, ofisa wa ukoo bora wa Kifaransa, anaelewana zaidi na Rauffenstein, Mjerumani anayemlinda, kuliko anavyoelewana na Maréchal, Mfaransa mwenzake wa asili ya kawaida. Katika upekuzi wa chumba, Rauffenstein anamtaka Boeldieu atoe neno lake la heshima kwamba hakuna kitu kilichokatazwa, naye analikubali. Neno la Maréchal na la Rosenthal, ambaye ni Myahudi, halina uzito huo machoni pake. Renoir anatuonyesha kwamba hata ndani ya kuta za ngome heshima iligawiwa kwa mizani isiyo sawa. Humo ngomeni yumo pia mateka mweusi kutoka Senegal. Anachora picha, anawaonyesha wenzake, nao hawamjali sana. Tukio hilo ni fupi mno, lakini linafaa kuwekwa akibani, kwani tutalirudia.

The Great Escape, iliyoongozwa na John Sturges mwaka 1963, ilitokana na kitabu cha Paul Brickhill kuhusu kambi ya Stalag Luft III, huko Sagan, mji ambao leo umo Poland. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1944, maofisa 76 wa jeshi la anga walitoka kupitia shimo walilolichimba chini ya ardhi. Watu 73 walikamatwa tena, na 50 kati yao wakauawa. Filamu inaeleza kwa uaminifu jinsi shimo lilivyochimbwa na mchanga ulivyofichwa. Lakini Mmarekani anayekimbia kwa pikipiki ni zao la ubunifu. Wamarekani walikuwa wamehamishiwa sehemu nyingine ya kambi miezi kadhaa kabla ya tukio. Watatu waliofaulu kufika salama walikuwa Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja, wala filamu haikuwapa nafasi hiyo. Ama wale 50, filamu inawaua pamoja uwanjani, hali kwa kweli waliuawa mmoja mmoja au kwa vikundi vidogo, mahali mbalimbali. Kifo cha pamoja kina sura ya vita. Kuuawa kandokando ya barabara kuna sura ya uhalifu.

Filamu ya tatu inahusu kazi. Katika The Bridge on the River Kwai ya David Lean (1957), iliyotokana na riwaya ya Pierre Boulle, Kanali Nicholson anavumilia mateso akitetea kanuni kwamba maofisa wasifanye kazi za mikono. Akiisha kushinda, anawajengea Wajapani daraja imara kwa fahari yake mwenyewe. Ni kejeli kali juu ya nidhamu ya kijeshi, lakini historia ilikuwa nyingine. Reli ya Siam na Burma, yenye urefu wa kilomita 415 hivi, ilijengwa 1942 na 1943. Mateka wa nchi za Ulaya, Australia na Marekani waliofanya kazi humo walikuwa kama 60,000, na zaidi ya 12,000 walikufa. Philip Toosey, ofisa aliyewaongoza mateka katika kambi ya Tamarkan, hakuwa Nicholson. Bidii yake ilikuwa kuwahifadhi watu wake hai, na wengi waliokuwa naye waliichukia sura ile ya filamu. Aidha, vibarua wa Asia, wakiwemo Watamil, Wamalay, Waburma na Wajava, walikuwa wengi kuliko mateka hao, na waliokufa hukadiriwa kwa makumi ya maelfu. Katika filamu karibu hawamo kabisa.

Hapo ndipo inapoingia Camp de Thiaroye (1988), ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow. Sembène mwenyewe aliwahi kuwa askari wa jeshi la kikoloni la Ufaransa. Wahusika ni askari wa Afrika Magharibi waliotekwa na Wajerumani mwaka 1940 na kurudishwa Dakar mwaka 1944. Wanachodai ni malipo yao, pamoja na kubadilishiwa fedha zao kwa thamani kamili. Wanapokataliwa, mateka hawa wa jana wanamteka jenerali. Naye anawapa neno lake la heshima la kiofisa kwamba watalipwa. Wanamwachilia, wanacheza ngoma, wanalala. Vifaru vinakuja usiku.

Hata filamu hii haikuifuata historia hatua kwa hatua, kwani risasi za tarehe 1 Desemba 1944 zilipigwa asubuhi. Taarifa ya serikali ilitaja waliokufa 35. Wanahistoria wanashikilia kwamba walikuwa wengi zaidi. Ufaransa ilikiri rasmi mwaka 2024 kwamba yalikuwa mauaji ya kikatili. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba watu hawa walidai walipwe kama askari waliotekwa. Swali la nani ahesabiwe kuwa mateka halali lilikuwa swali la mshahara, kisha likawa swali la uhai.

Wanalugha wana sababu ya ziada ya kuitazama filamu hii. Askari wake, waliotoka makoloni mbalimbali, wanazungumza Kifaransa kilichorahisishwa cha jeshini, mfano wa kile Kiswahili cha Keya kilichozungumzwa na askari wa Afrika Mashariki hadi Burma. Wazungu wanakicheka Kifaransa hicho, lakini ndicho kinachojenga umoja wa madai yao. Yuko na bubu, Pays, aliyepitia kambi ya Buchenwald. Akiuona waya wa miba wa Thiaroye, anaingiwa na hofu. Usiku ule ni yeye anayeviona vifaru, anawaamsha wenzake, nao wanadhani wazimu umemrudia.

Itasemwa kwamba filamu si kitabu cha historia, na kwamba msanii ana haki ya kuchagua. Ni kweli, lakini uchaguzi unaorudiwa mara nyingi hugeuka kuwa kumbukumbu ya watu. Aliyezitazama filamu tatu za kwanza atadhani kwamba mateka ni ofisa anayepanga kutoroka au kutetea cheo chake. Mtu aliyebeba mbao na kuzikwa kando ya reli hatamjua. Msenegali wa Renoir alionyesha picha yake isitazamwe. Pays alionya asisikilizwe. Miaka 51 imepita kati ya filamu hizo mbili, na katika zote mbili mateka mweusi ana jambo la kuwaambia wenzake.